Mama yangu aliangukia kundi la kulinganisha

Huku kwetu Kilimanjaro ukikaa na watu wa rika la mama yangu ukaanza kuuliza, utakuta wengi washawahi kuwa kwenye utafiti wa afya wa aina fulani, hata kama wenyewe hawauiti hivyo, watakwambia tu "walikuja wale wa kupima". Na sio ajabu. Hospitali ya rufaa ya KCMC ipo pale Moshi toka 1971, ina chuo chake na taasisi yake ya utafiti, Kibong'oto kule Siha ni hospitali ya kifua kikuu miaka nenda miaka rudi, na wilaya ya Hai wazee wamefuatwa nyumba kwa nyumba kuulizwa habari za kiharusi, za Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, za kusahau sahau. Yani sisi ni watu tuliochangia sana. Ila majumbani tukiongelea haya mambo ni kwa minong'ono, na mtu akishapimwa ndo imeisha hiyo, hakuna anayeuliza ile karatasi ilienda wapi na ilisema nini, mzee ametoa asubuhi yake nzima alafu anarudi kwenye migomba yake. Hilo linaniuma, na ndo limenifanya niandike.

Mama anaishi Kibosho, kwenye kihamba, yani shamba la familia, alichoachiwa na marehemu baba, ana migomba, kahawa kidogo, na ng'ombe wa maziwa ambaye hatoki bandani kwahiyo majani lazima yabebwe. Tukaanza kuona akitaka kuinuka kwenye kigoda anashika kwanza ukuta, au anaita mjukuu amvute mkono. Mwenyewe anasema ni uzee. Huku kitu chochote cha magoti na miguu ni uzee, na uzee hauna dawa, basi, mjadala umefungwa. Alafu mhudumu wa afya wa kijiji akapita akamwambia kuna watafiti wanatafuta wazee wa miaka sitini kwenda juu, wanataka kuangalia kama mazoezi ya kutia nguvu miguu yanasaidia watu wa umri wake wasianguke ovyo. Mama akanipigia simu jioni ile ile. Hakuniuliza kama aende, aliniambia anaenda, ila herufi ndogo hazioni vizuri siku hizi kwahiyo anataka mtu wa kumsomea makaratasi.

Jumapili baada ya ibada tukakaa kikao cha familia, kaka yangu mkubwa akiwa kwenye simu kutokea Arusha, na baba mdogo akiwa pale pale sebuleni. Baba mdogo hakupenda kabisa. "Shemeji, hao watu wanataka damu yako, hamna kingine," alimwambia mama, na akaanza kusimulia habari za mumiani alizozisikia akiwa mdogo, watu wanakamatwa usiku, wananyonywa damu, damu inaenda kuuzwa. Vijana waliokuwepo wakataka kucheka na mimi nikawaangalia wakanyamaza. Hizo habari zimezunguka Afrika Mashariki yote toka enzi za mkoloni, na mimi naamini zina mzizi wake, mzizi wenyewe ni wageni waliokuja wakachukua kitu kwenye miili ya watu bila kueleza wanachukua nini na cha kazi gani. Mtu asiyeelezwa atajieleza mwenyewe, na maelezo atakayoyapata hayatakuwa mazuri.

Na isidhaniwe ni Waafrika wasiosoma tu wenye hofu hii. Marekani penyewe, huko Tuskegee jimbo la Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972 watu wa afya wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende, hawakuwaambia ukweli wa ugonjwa wao na hawakuwatibu, hata penisilini ilipokuja na kila mtu akajua inaponya waliendelea tu kuwaangalia. Rais Clinton alikuja kuomba radhi 1997, miaka 25 baada ya jambo lenyewe kufichuliwa. Sasa ukimwambia baba mdogo wangu "acha ushamba" unakuwa umemjibu nini? Mimi nilimwambia hofu yake ni ya haki kabisa na dawa yake ni kusoma fomu, tena yote, kwa sauti, na yeye akiwepo.

Ndo tukaisoma. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiswahili, kurasa kadhaa, imeandikwa kwa lugha ambayo kwa kweli ilieleweka, sio ile ya kisheria. Inasema kushiriki ni hiari, unaweza kuacha siku yoyote bila kutoa sababu, taarifa zako zitawekwa kwa namba na sio kwa jina. Inasema madhara yanayoweza kutokea, misuli kuuma, mtu kuteleza akiwa anafanya zoezi, na ukiumia kwa sababu ya utafiti nani anabeba gharama. Inasema damu haitachukuliwa, na baba mdogo akaomba hapo parudiwe. Mwishoni kuna namba ya simu ya watafiti na nyingine tofauti, ya kamati ya maadili, ya kupiga kama una malalamiko juu ya hao hao watafiti. Hiyo namba ya pili ni muhimu sana jamani, iangalieni. Hapa nchini utafiti wa afya kwa binadamu lazima upite kwenye kibali cha maadili, cha kitaifa kinatolewa chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kama ni dawa mpya inajaribiwa basi TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao lazima wamehusika. Mtu akija kwako na karatasi haina kibali wala namba ya kibali, mpe maji ya kunywa aende zake.

Siku ya kusaini mama alikuwa na swali lake moja. Alimuuliza yule binti mtafiti, "Mwanangu, nikikataa hili, huu mguu wangu kule hospitali wataendelea kuutibu?" Binti akasema ndio bibi, wataendelea kama kawaida, akamuonyesha mstari ulioandikwa hivyo. Mama hakuridhika na kidole cha mtafiti, akanigeukia, "Nisomee hapo." Nikasoma. "Tena." Nikasoma tena, ndo akachukua kalamu. Jirani yetu mmoja ambaye hajui kuandika yeye aliweka dole gumba, na pale kuna utaratibu mzuri, lazima awepo shahidi asiyekuwa mtu wa utafiti, asikilize kila kitu kikisomwa alafu na yeye asaini.

Vipimo vyenyewe vilifanyika kwenye ukumbi wa kijiji, na nilikaa pembeni nikaangalia kila kitu. Cha kwanza ni nguvu ya mkono. Kuna kifaa cha chuma kina mshikio na uso wa duara wenye mshale, unakaa kitini, kiwiko kimekunjwa ubavuni, unabana mshikio kwa nguvu zako zote na mshale unaonyesha kilo. "Bana bibi, bana, bana, bana, bana, haya achia." Mara tatu mkono wa kulia, mara tatu wa kushoto, na kunapumzikwa katikati. Mama amekamua ng'ombe asubuhi na jioni toka aolewe. Alikaza midomo, mshipa ukatoka shingoni, mshale ukaruka, na yule binti akainama kuangalia namba mara ya pili kabla ya kuandika. Mama alifurahi, nilimuona.

Alafu kikaja kiti. Kiti cha kawaida kisicho na mikono, kimesogezwa ukutani kisiteleze, unakunja mikono kifuani, unainuka mpaka wima na kukaa, mara tano, haraka uwezavyo, bila kujishika popote, na mtu ana saa anahesabu sekunde. Mara ya kwanza aliinuka. Ya pili aliinama mbele sana ndo akaweza. Ya tatu mikono ikafunguka yenyewe ikatafuta paja, binti akamwambia taratibu, "bibi tunaishia hapo, inatosha." Mama akakaa kimya. Kisha wakampima kutembea mita nne kwa mwendo wake wa kawaida, na kusimama miguu ikiwa imepangwa kisigino mbele ya vidole, pale alishikwa.

Kwahiyo mtu huyo huyo mmoja, mikono ya chuma na miguu iliyochoka. Nilikuwa nimeshasoma kwamba nguvu ya mkono ni kipimo kizito sana. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti unaitwa PURE, watu 139,691 wa nchi 17, wa miaka 35 mpaka 70, walibanishwa kifaa kama hicho alafu wakafuatiliwa kwa miaka kama minne. Kila nguvu ya mkono ilivyopungua kwa kilo 5, uwezekano wa kufariki uliongezeka kwa asilimia 16, na nguvu hiyo ilitabiri vifo vizuri kuliko ile namba ya juu ya presha. Haimaanishi ukibana mpira kila siku utaishi milele, mkono hapo ni kielelezo tu cha hali ya mwili mzima. Lakini kwa mama yangu kielelezo kilisema kitu kimoja na magoti yakasema kingine, na ukimpima mkono peke yake utamrudisha nyumbani ukisema bibi uko fiti, wakati ni mtu anayeweza kuvunjika nyonga akienda chooni usiku.

Hii ndo sababu mimi nataka wazee wa huku wapimwe, tena wengi, wa Kibosho na wa Pasua na wa Karatu. Wataalamu wa Ulaya walikaa wakatoa mipaka yao mwaka 2019, kwamba mwanamke akibana chini ya kilo 16 na mwanaume chini ya kilo 27 anahesabika ana udhaifu wa misuli, au kama kuinuka kitini mara tano kunamchukua zaidi ya sekunde 15. Mipaka mizuri, imetoka kwenye data za watu. Watu gani? Mama yangu hakukulia kwenye viti, amekulia kwenye kigoda, anapika amechutama, choo chake ni cha kuchuchumaa, amepanda na kushuka miteremko na mzigo wa majani kichwani maisha yake yote. Labda mipaka hiyo inamfaa vile vile, labda haimfai, jibu haliwezi kupatikana kwa kumpima mtu mwingine.

Na hapa hapa kaskazini kuna mfano. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi wamefanyiwa tafiti nyingi za mwili na nguvu, na moja iliyotoka 2020 ilikuta kwamba wanapumzika karibu masaa 10 kwa siku, yani muda unaokaribiana na wa watu wa mijini wanaoshinda kwenye viti, ila wao sehemu kubwa ya mapumziko hayo wanachuchumaa au wanapiga magoti, na ukipima misuli ya miguu unakuta bado inafanya kazi wakati mtu kapumzika. Aisee hilo lilinikaa sana kichwani. Tunawanunulia wazee wetu sofa kwa upendo, na mimi nilimnunulia mama, na watu waliotufundisha kwamba kuna kitu cha kuangalia hapo ni majirani zetu wa Eyasi, kwa kukubali kufungwa vifaa miguuni na wageni.

Haya, sasa kura. Baada ya vipimo wazee waligawanywa makundi mawili, kompyuta ndo ilipanga na majibu yalikuwa kwenye bahasha zilizofungwa, hata waliokuwa wanazigawa hawakujua ndani kuna nini. Kundi la kwanza linafanya mazoezi ya miguu na mkufunzi kila wiki. Kundi la pili, ndo hilo la kulinganisha, linapewa masomo ya afya, presha, sukari, macho, alafu linaendelea na maisha yake kama kawaida, na utafiti ukiisha nao watafundishwa mazoezi yale yale. Bahasha ya mama ilikuwa ya kundi la pili.

Kaka alivyosikia alikasirika kwelikweli. "Yani wamempima mama, wameona kwa macho yao miguu haina nguvu, alafu wanamwambia asubiri? Huo ni utu gani?" Sikuwa na jibu la haraka. Na ni swali ambalo nadhani kila familia yenye mtu kwenye kundi kama hilo imejiuliza, na wengi ndo hapo wanamtoa mtu wao.

Nilivyolifikiria ni hivi. Kama wazee wote wangefanya mazoezi na baada ya miezi kadhaa wakaonekana wanaanguka kidogo, utajuaje ni mazoezi? Inaweza kuwa mvua za masika zimeisha na njia hazitelezi tena. Inaweza kuwa wamekutana na wenzao wakachangamka. Inaweza kuwa wale waliokuwa na hali mbaya wameacha kuja na wamebaki wenye nguvu zao. Bila kundi lingine lililoishi kipindi kile kile, mvua zile zile, njia zile zile, huna unachokijua. Na kura inahakikisha kwamba wenye bidii hawajajikusanya upande mmoja na waliochoka upande mwingine.

Hii ilieleweka duniani kwa njia ngumu. Kifua kikuu kimewaua watu wengi kabla haijajulikana dawa gani inafanya kazi, na mwaka 1948 Waingereza walitoa matokeo ya jaribio la streptomaisini, wagonjwa 107, 55 walipewa dawa na kupumzishwa kitandani, 52 walipumzishwa tu, maana dawa ilikuwa chache mno baada ya vita na isingetosha wote. Baada ya miezi sita wa kundi la dawa walikuwa wamekufa 4, na wa kundi la pili 14. Ukisoma unaumia kwa wale 14. Lakini bila wale 52 hakuna ambaye angekuwa na uhakika, na kila mtu aliyewahi kutibiwa TB Kibong'oto ana deni kwao. Na kuna kitu kibaya pale pia, wale wa kundi la pili hawakuambiwa kabisa kwamba wako kwenye jaribio. Leo hilo halikubaliki, mama aliambiwa kila kitu kabla ya bahasha kufunguliwa, kwamba unaweza kuangukia huku au kule, na alisaini akijua.

Hata chanjo ya malaria ambayo watoto Afrika wanapata sasa, ile ya RTS,S, ilipita huko. Jaribio lake kubwa lilianza 2009, watoto 15,459 kwenye nchi 7 za Afrika, na kwa hapa kwetu ilikuwa Bagamoyo na Korogwe, hapo tu ukishuka na barabara ya Tanga. Wale wa kulinganisha hawakuachwa mikono mitupu, walipewa chanjo za magonjwa mengine. WHO wakaipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Wazazi wa Korogwe ambao watoto wao walichomwa chanjo nyingine, na wakaendelea kuwarudisha kliniki kupimwa mwaka hadi mwaka, kazi yao ni sawa sawa na ya wale wengine.

Nikamweleza kaka yote hayo kwenye simu, na sidhani kama alikubali siku ile. Aliyemnyamazisha ni mama mwenyewe.

Kuna jirani yetu aliyeangukia kundi la mazoezi. Wakawa wanafungwa vifundoni mifuko midogo yenye uzito, wanakaa kitini wananyoosha goti taratibu, wanashusha taratibu, wanainuka na kukaa, wanapanda kingazi kifupi na kushuka, na kila baada ya muda uzito unaongezwa. Akirudi anapita nyumbani anasimulia, na kwa upendo wake akataka kumfundisha mama pale uani, "njoo nikuonyeshe, ni rahisi tu." Mama akakataa. Akamwambia, "Nikifanya nitawaharibia. Wakija kutupima mimi na wewe tutakuwa sawa, watasema mazoezi hayasaidii." Hakuna mtu aliyemfundisha kulisema hivyo. Mwanamke wa darasa la saba wa Kibosho alikuwa ameielewa kazi yake kwenye utafiti kuliko mimi ninayesoma makala usiku kwenye simu, na aliifanya huku magoti yake yakiuma, huku akijua kuna kitu kinachoweza kumsaidia upande wa pili wa uzio. Mimi naheshimu sana hilo. Watu wanaojitolea dawa mpya tunawaita majasiri, basi na anayekubali kungoja naye aitwe hivyo.

Na kungoja kwake hakukuwa kwa kitu cha kubahatisha. Mwaka 1990 kule Boston watafiti walichukua wazee 10 dhaifu waliokuwa wanaishi kwenye kituo cha kulelea wazee, wastani wa miaka 90, wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito mzito kwa miguu kwa wiki 8. Tisa walimaliza. Nguvu ya mapaja iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90! Watu ambao huku tungeshawatandikia kitanda karibu na dirisha. Ila walipoacha mazoezi nguvu ilianza kushuka tena ndani ya wiki chache, kwahiyo ni kitu cha kuendelea nacho. Na wazee 10 ni wachache, alafu hapo hapakuwa na kundi la kulinganisha, ndo maana baadaye zikaja kubwa zaidi, kama ule wa LIFE wa Marekani uliochapishwa 2014, watu 1,635 wa miaka 70 mpaka 89, nusu mazoezi nusu masomo ya afya, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 2.6. Waliopoteza uwezo wa kutembea mita 400 kwenye kundi la mazoezi walikuwa asilimia 30.1, kundi la masomo 35.5. Faida sio kubwa ya kutangaza na tarumbeta lakini ni ya kweli, na tunajua ni ya kweli kwa sababu mamia ya wazee walikaa kwenye masomo ya afya wakakubali kupimwa. Wakaandika pia kwamba waliolazwa hospitali au kupata tatizo kubwa kwenye kundi la mazoezi walikuwa wengi kidogo kuliko wenzao, hawakuficha, na mimi utafiti unaosema na lile lisilopendeza ndo ninaouamini.

Kipindi cha kusubiri kiliisha, mama na wenzake wakafundishwa. Sasa anafanya asubuhi kabla ya kukamua, na watu wananiuliza, vipi, amepona? Anainuka kwenye kigoda bila kuita mtu siku nyingi. Nimefurahi kama mtoto yeyote angefurahi. Ila baada ya yote niliyoandika hapo juu siwezi kusema ni mazoezi, kipindi hicho hicho mjukuu ndo amechukua kazi ya kubeba majani na mama amepumzisha magoti, na dawa ya maumivu nayo alibadilishiwa. Mtu mmoja hatoshi kuwa ushahidi, hata kama mtu huyo ni mama yako.

Kinachobaki ni mrejesho, na hapa naomba nisikilizwe na watafiti pia kama wapo wanaosoma. Aprili 2025 yalitoka kwenye jarida la Nature Medicine matokeo ya utafiti uliofanyika hapa hapa Moshi, watu wa KCMC na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya zao. Waliozoea chakula cha asili wakahamishiwa vyakula vya kizungu vya viwandani kwa wiki mbili, waliozoea vya mjini wakapelekwa kwenye chakula cha asili, wengine wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, wiki moja, na wachache wakaendelea na chakula chao ili kulinganisha. Waliohamia chakula cha viwandani damu yao ilianza kuonyesha dalili za uvimbe wa ndani ya mwili, yani mwili kujihami kama vile una jeraha, na kinga ikashuka makali, waliorudi kwenye chakula cha asili na wale wa mbege ikawa kinyume, na mabadiliko mengine yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Habari hiyo mimi niliisoma kwa Kiingereza. Nilipomsimulia mama kwa Kiswahili alikaa akaniuliza maswali mpaka chai ikapoa, ulezi ulikuwa wa aina gani, walikunywa kiasi gani, na kwa nini hawakuchukua wanawake. Maswali ya mtu mwenye akili ya kisayansi kabisa, na maswali ambayo mtafiti hawezi kuyasikia kama mwisho wa kazi yake ni kwenye jarida.

Gharama ya kurudi sio kubwa. Ukumbi wa kijiji upo, mwenyekiti wa kitongoji anatangaza kanisani na msikitini, mtu anasimama anasema kwa Kiswahili, tuliwaomba hiki, tumekuta hiki, hiki hatukukipata. Na waitwe wote, wa kundi la kwanza na la pili, maana nimeona sehemu nyingine walioalikwa ni wale "waliopata" na wengine wakasahaulika, kama vile walikuwa watazamaji. Kama na wewe una mzazi aliyewahi kupimwa, Machame, Uru, Mamba, Usa River, popote, kaitafute ile nakala ya fomu kabatini, ile namba ya simu ipo mwishoni, piga uulize matokeo yanatolewa lini na wapi. Mimi nimepiga. Nilijibiwa vizuri, wakasema hesabu bado zinafanyiwa kazi na watakuja kijijini zikiwa tayari, nikaomba tarehe nikaambiwa watanitumia ujumbe.

Mama ameshaniambia niandike swali lake nisije nikalisahau siku hiyo, na ametaka aulize mwenyewe kwa mdomo wake mbele ya watu: sisi tuliosubiri, tulianguka wangapi, na wenzetu wangapi?